Kidole cha Tunu

Siku hizo mgonjwa hakuruhusiwa kujichukulia mwenyewe dawa kali ya maumivu. Nyumba yake ilitundikiwa kisanduku cha dawa ukutani. Kikiuliza, "Anaumwa?", jamaa mmoja aliapa kwa kidole gumba, ndipo kikafunguka.

Kwa Mbwana, fundi aliyeanguka kutoka ghorofani akavunjika nyonga, jamaa huyo alikuwa mkewe, Tunu. Mfamasia alimweleza vizuri. "Tramadoli ni nyepesi, mama, lakini huweza kuleta degedege. Mofini ina nguvu zaidi, ila ikizidi hupunguza pumzi. Na zote mbili mwili huzizoea, ukazidai." Tunu alichagua mofini, maana Mbwana alikuwa akilia kama mtoto.

Wiki ya sita, akirudi kutoka sokoni, Tunu alimwona mumewe kupitia dirishani akiinama kuokota ndoo, kisha akiinuka bila kushika ukuta. Alipoingia ndani, alimkuta amejilaza anapiga kite.

"Mke wangu, leo yamezidi."

"Unaumwa, baba Rukia, au unaitaka tu?"

"Wallahi, sijui tena."

Tunu angekiambia kisanduku hapana, gari lingekuja kumpeleka mumewe kwenye nyumba ya kuachishwa dawa, miezi mitatu bila kuonana. Kisanduku kikauliza. Akaweka kidole. "Anaumwa."

Mbwana akameza, akatulia. Nyumba nayo ikatulia, na Tunu akahisi mabega yake yakilegea. Ndipo alipotambua kwamba tangu asubuhi, yeye pia alikuwa akiisubiri saa hiyo.