Jicho la Gayogayo

Chini baharini, penye mchanga na ubaridi, aliishi Gayogayo, samaki bapa kama unyayo. Msimwite taa, taa ni samaki mwingine.

Kibua, ambaye hakuweza kutulia, alimcheka kila alipopita. "We mvivu! Samaki gani anashinda amelala ubavu?"

"Mimi," alijibu Gayogayo, bila kuinuka.

Siku moja Nguru, mla vibua, aliwatawanya vibua wote. Kibua akabaki peke yake, akamshukia Gayogayo akitweta.

"Kaka, nifiche!"

"Lala ubavu."

"Mimi? Na hadhi yangu hii?"

"Nguru anakuja. Lala!"

Kibua akalala. Gayogayo akapigapiga mapezi mpaka mchanga ukamfunika mwenzake, kisha akaulalia mkia wake uliobaki nje. Nguru akafika, akapita juu yao, akarudi. Tumbo lake likamparuza Gayogayo.

"Nakimbia," akanong'ona Kibua.

"Hukimbii," akasema Gayogayo, akazidi kumkandamiza. Yeye mwenyewe hakutikisa hata pezi moja, mpaka Nguru akachoka na kwenda zake.

Kibua akainuka akilalamika. "Kaka, unaishije hivi? Jicho langu la upande wa chini limejaa mchanga!"

"Hata langu lilijaa, nilipokuwa mdogo," akasema Gayogayo. "Nikawa nalisukuma kidogo kidogo kila siku, mpaka likahamia huku juu, kando ya mwenzake."