Alama za Kucha

Mukhwana alirudi nyumbani, mtaani Makina, usingizi wa siku tatu ukimlemea machoni. Ndege yao, ile inayotua majini, ilikuwa ikitafuta watu wa boti iliyozama ziwani. Yeye ndiye aliyekaa mlangoni mwa ndege, akiwavuta manusura ndani.

Jirani yake Mama Ken, ambaye mumewe alikuwa botini, alimmiminia maji anawe. Kisha akaona mikwaruzo ya kucha mkononi mwa Mukhwana.

"Huyu alikushika vibaya. Ulimtoa, ama?"

Rubani alikuwa amepiga kelele kwamba ndege imejaa, haitanyanyuka. Mukhwana akaubandua mkono ule, kidole kimoja baada ya kingine.

"Niongezee maji, Mama Ken," alisema.

Jagi lilikuwa limekauka kitambo.