Atasimama Asome Mwenyewe

Mgeni aliingia saiba ya Zulekha, chumba cha intaneti, bila kubisha, akasimama mgongo ukiwa ukutani, akautazama mlango kabla ya kumtazama mtu yeyote.

Ilikuwa wiki ya kutuma maombi ya vyuo, na benchi lilikuwa limejaa vijana wenye simu mkononi na alama zao moyoni. Zulekha mwenyewe alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Alipokosa kazi, aliweka kompyuta nyuma ya duka la babake, hapo mjini Kitui, akaanza kuwatafutia wengine nafasi.

"Kuna mtu wangu amefanya mtihani," mgeni alisema kwa sauti ya chini. "Nataka kujua kama kuna chuo kinaweza kumchukua."

Akatoa karatasi ndogo ambayo alama zilikuwa zimenakiliwa kwa kalamu. Zulekha alikuwa amesoma alama za watu tangu asubuhi, na kwa mazoea tu akaisoma hii pia kwa sauti.

"Wastani, D+."

Benchi likacheka.

"Wueh! Na anataka kusomea nini?" kijana mmoja akauliza.

Mgeni alivuta mkono wa sweta yake ya kijani, akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, viking'aa kama kioo. "Anataka kufundisha."

"Huyo atafundisha mbuzi!"

"Mbuzi alichunga sana, huko Tseikuru," mgeni akajibu polepole. "Hawakuwahi kumcheka."

Kijana yule akainamia simu yake. Zulekha alihisi uso ukimchoma, maana ni yeye aliyesoma kwa sauti. Akavuta kiti, akamketisha mgeni kando yake, akageuza kompyuta ili vijana wasione.

"Nisamehe, baba. Sikufikiria."

"Si kitu. Niambie tu ukweli."

Akaipitia karatasi tena, safari hii kwa macho tu. "Ualimu hapana. Wanataka C. Diploma nyingi zinataka C-. Lakini kozi ya cheti anaweza. Kiswahili ana C+, hiyo ni nzuri kabisa. Hisabati ana E. Hiyo tuiache ilivyo."

Mgeni nusura atabasamu.

"Kuna cheti cha ushauri nasaha, chuo kimoja huko Makueni. D+ wanaikubali. Akimaliza vizuri anaingia diploma, na kutoka hapo anaendelea. Njia ni ndefu, lakini inafika, inshallah."

"Inafika," mgeni akarudia, kama anayejaribu neno geni mdomoni.

"Septemba ataweza kuripoti?"

"Wakimpa ruhusa."

"Kina nani?"

Mgeni aliangalia benchi, kisha akainama karibu na meza. "Yuko gerezani."

Ndipo Zulekha alipovielewa vile viatu, ile sweta ya kijani, na ule mgongo usiotaka kuachana na ukuta. "Wewe ni askari jela."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na yeye amekaa humo sana?"

"Mwaka wa ishirini na sita huu."

Zulekha hakutaka kuuliza, lakini akauliza. "Alifanya nini?"

"Aliacha shule mapema."

Alilisema hilo kwa aibu kubwa hivi kwamba Zulekha hakuthubutu kuchimba zaidi. Akamwandikia jina la chuo na jina la kozi kwa herufi kubwa. "Kesho niletee namba yake ya mtihani, tutume maombi. Sikulipishi."

Mgeni alisimama, lakini hakuondoka.

"Na mwambie asitangaze alama," Zulekha akaongeza. "Awaambie wenzake kwamba amepata kozi, basi."

"Hawezi. Darasa lao waliahidiana kabla ya mtihani. Kila mtu atasimama asome yake mwenyewe. Wengine wote wameshasoma. Amebaki yeye."

"Watamcheka?"

"Kuliko hawa wako."

"Kwa nini yeye hasa?"

"Wamezoea kumwogopa."

"Basi asisome! Nani atamlazimisha?"

"Hakuna," mgeni akasema. "Hakuna mtu mle ndani anayeweza kumlazimisha. Ndiyo maana lazima asome."

Mchana huo, darasa la gereza lilikuwa limekaa katika sare zao za mistari. Mbele yao alikuwa Kilonzo, mfungwa wa maisha ambaye zamani alikuwa mwalimu wa sekondari kule Kasikeu, na ambaye sasa ndiye aliyewafundisha wenzake masomo karibu yote. Yule askari alipofungua mlango, wote walichuchumaa kama kanuni inavyotaka.

"Kaeni," akasema.

Wakakaa. Dirishani askari wenzake wawili walikuwa wamesimama, wakichungulia na kusukumana kwa viwiko.

Kilonzo alizungusha kipande cha chaki vidoleni. "Amebaki mmoja," akasema, macho yake yakiwa sakafuni. "Asipotaka kusoma, hatutamlaumu. Mambo yake si kama yetu."

Nje, mmoja wa wale wawili alianza kucheka kabla hata ya neno lolote kusemwa.

Askari alifunga mlango kwa ndani. Akapita katikati ya madawati hadi nyuma kabisa, kwenye dawati lililokuwa tupu, akavua kofia yake na kuiweka juu ya dawati hilo. Akaikunjua ile karatasi ndogo.

"Kitonga Mutiso," akasoma jina lake mwenyewe, kwa sauti ya kufika hadi dirishani. "D+, mwalimu."