Pacha Hakuona Mtu

"Nyama mbichi?" Obaid aliuliza, akaisukuma mbali sahani yake ya wali.

"Kila asubuhi, mhandisi," alisema Prem, mlinzi mgeni wa jengo. "Mzee mmoja. Anapanda ghorofa ya kumi na tisa na mfuko, anakaa kidogo, anashuka. Damu inadondoka kwenye lifti, mpangusaji ni mimi."

Obaid aliona kinyaa. Kwenye kompyuta yake alisimama pacha wa jengo, mnara uleule wa Abu Dhabi ulionakiliwa chumba kwa chumba, bomba kwa bomba. Lililotokea jengoni lilionekana kwa pacha papo hapo: nani yumo ndani, taa ipi inawaka, baridi inakwenda wapi. Kazi ya Obaid ilikuwa kupunguza umeme, na nyumba moja ya ghorofa hiyo ilikuwa ikimharibia kazi kiangazi chote. Mwenyewe yuko Ulaya, simu hapokei. Taa zimezimwa. Ukitoa dakika chache za asubuhi, pacha haoni mtu. Lakini baridi inapulizwa usiku na mchana!

"Israfu, na uchafu juu yake," alisema. "Watu wamelala na watoto wao, kumbe ukutani wamepakana na mizoga. Ptu!"

Alijaribu kwanza kwa pacha, kama kazi inavyotaka. Akazima baridi ya nyumba ile, na ghorofa nzima iliyokuwa nyekundu kwa kula umeme ikawa kijani. Hapo akazima ya kweli. Nje, Agosti ilikuwa inachemka.

"Acha ioze," alimwambia Prem. "Mwenye nyama atajitokeza."

Jioni baba yake, mzee Salmeen, alimpigia simu. Macho ya mzee yalikuwa yanafifia, na daktari alishamwambia mwakani hataona hata kiganja chake. Alibakiwa na msimu mmoja tu wa kuwinda na kipanga wake, ndege aliyemlea na kumfunza kwa mikono yake. Kiangazi ndege huyo hukaa shambani kwa binamu yao, katika chumba cha baridi maana joto kali humwua, akibadilisha manyoya.

"Bawa limebakiza unyoya mmoja kuota," mzee alicheka. "Kiangazi kikiisha, jangwani mimi na wewe. Na usije ukaniletea visingizio vya kazi!"

"Sileti, baba. Naapa." Obaid aliitaka safari ile kuliko mzee alivyojua. Hakuwa na nyingine ya kuingoja.

Kulipokucha alipanda na Prem ghorofa ya kumi na tisa. Uvundo uliwapokea kabla hawajaufikia mlango, mzito, wa kutapisha. Obaid aliziba pua kwa ncha ya kilemba.

"Si nilikwambia? Imeshaoza. Fungua, tumjue huyo mchafu."

Prem alikuwa bado anapekua funguo lifti ilipofunguka. Akatoka mzee na mfuko wa kware waliochinjwa, akipapasa ukuta kwa mkono uliovaa glavu nene ya ngozi.

"Nani hapo? Obaid?" Uso wa mzee Salmeen ulichanua. "Nani kakwambia nimemhamishia kipanga wangu huku? Kule shambani mashine ya baridi ilikufa, rafiki yangu aliye Ulaya kaniachia ufunguo. Haya, ingia umwone, mwanangu. Mlango tu uufunge upesi, baridi isitoke."