Mlango wa Seli

Fundi wa kuchomelea aliitwa gerezani kutengeneza mlango wa seli aliyofungiwa enzi za utawala uliopita, wale wa "taifa kwanza". Mkuu mpya wa gereza alimkumbatia. Humo ndani wawili hao walikuwa wamefungwa pamoja, wakigombania blanketi moja huku wakicheka ili wasilie.

"Nondo zimelegea, kaka," mkuu alisema. "Kesho tunaleta watu."

"Watu gani?"

"Maadui wa wafanyakazi."

Fundi alipapasa bawaba. Chuma kilikuwa kimelika pale walipokuwa wakikikwaruza kwa mpini wa kijiko.

"Wale walitufunga kwa jina la taifa. Nyie mnafunga kwa jina la nani?"

"La wanyonge. Ni tofauti ya mbingu na ardhi hiyo!"

"Ukiwa ndani, kaka, huioni mbingu wala ardhi."

Mkuu alitupa jicho koridoni, akashusha sauti. "Chomelea tu, nakusihi. Wakubwa wanasikiliza."

Fundi akazima mashine yake, akaanza kukunja waya.

"Siwezi."

Mkuu alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akapaza sauti, isikike hadi nje.

"Basi ingia ndani, ndugu. Tutaleta fundi mwingine."