Chuma cha Kushoto

"Usikitoe," Walburga alisema. "Kiache humo humo."

Fundi Rupert alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana. Mlio wa spana ukakoma. Noela akamgeukia mama yake.

"Mama, si ndiyo kazi tuliyomletea?"

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la michezo, la milango miwili, lililotengenezwa Ulaya mwaka 1973. Baba yake Noela alilinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Kwa miaka kumi na tisa lilikaa juu ya matofali bandani kwao Matogoro, limefunikwa turubai, tangu siku lilipoacha njia kwenye kona ya mteremko likamuua baba huyo na kumwachia Walburga, aliyekuwa naye ndani, mguu unaochechemea. Sasa Noela, mhandisi wa maji mwenye mshahara wake, alikuwa amelikokota hadi gereji ya Majengo. Alitaka kuliendesha mpaka Mbamba Bay.

Injini ilishapona. Kilichobaki ni kuamua gari litakalia nini. Magari ya aina ile hayakuwa na springi. Kila gurudumu lilibebwa na chuma kimoja kirefu, kinene kama kidole gumba, kinachojipinda na kujirudi gari linapopita kwenye shimo. Mafundi wanakiita tosheni. Njia ya pili ilikuwa kuachana na tosheni na kufunga koilova, yaani springi iliyovishwa juu ya shokapu, kitu kimoja.

"Funga koilova," Walburga alisema. "Si ndizo za kisasa? Hayo mengine wape wanunuzi wa chuma chakavu. Hakuna haja ya kuyaangalia."

Rupert alijivuta kutoka chini, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Koilova ni nzuri, mama, sikatai. Lakini zinaegemeza uzito mahali ambapo bodi haikutengenezwa kuubeba. Itabidi nichomelee vyuma vipya, na bodi ya umri huu inaweza kupasuka. Tosheni zikiwa nzima, mtazitumia miaka mingine thelathini. Zikiwa mbovu, basi tutafunga koilova. Ila lazima nizione kwanza."

"Zione," Noela alisema.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa saba, na watu wa Songea walikuwa bado ndani ya masweta. Jasho lilimtiririka Walburga mgongoni. Aliingiza mkono mfukoni akaishika rozari, lakini Salamu Maria ilimkwama katikati, akaanza upya, ikamkwama tena.

Rupert alitaka kwanza kufungua breki ya mkono. Alipojiingiza kwenye kiti cha dereva, magoti yake yaligonga usukani.

"Mzee alikuwa mfupi?" aliuliza, akikisukuma kiti nyuma.

"Alikuwa anainama kupita mlangoni," Noela alisema.

"Kiti kilisogea kwenye ajali," Walburga alidakia.

Fundi alirudi chini ya gari.

"Msamehe mama," Noela alimwambia, akiinama. "Anaviogopa hivyo vyuma, lakini havina kosa. Baba alikuwa amelewa. Matogoro nzima inajua."

Alilisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Alikuwa na miaka saba alipolisikia mara ya kwanza, kwa wanawake waliokuwa wakipika msibani, na tangu hapo hakuwahi kuwasha mshumaa kwenye kaburi la baba yake. Walburga hakumkemea siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Mara ngapi alitaka kuliuza gari hili? Lakini kila mnunuzi angelifungua. Na mtu akilifungua akakuta vyuma vyote vizima, basi... Wazo lile hakuwahi kulifikisha mwisho.

"Cha kulia ni kizima kabisa," sauti ya Rupert ilisema.

Nyundo ililia upande wa kushoto, mara tatu, mara nne. Kisha kimya. Rupert alitoka akiwa na kipande cha chuma kisichofika nusu ya kile cha kwanza, akakipeleka penye mwanga.

"Kimekatika," alisema.

"Kwenye ajali," Noela alisema.

"Hapana. Hebu angalia." Alipitisha kidole kwenye mkato. "Huku kumelainika, tena grisi imeingia ndani. Ufa huu ulitembea taratibu, labda miaka. Kilikuwa kimebaki kipande hiki chenye chembechembe, na hiki ndicho kilichokatika kwa mara moja. Pale kwenye kona gari lililala upande wa kushoto, likaenda linakotaka lenyewe."

Noela alikichukua chuma kile, akakigeuzageuza. Kusoma mkato wa chuma alifundishwa chuoni. Naye aliona kile kile.

"Kwa hiyo hata kama asingekuwa amelewa?"

"Hata angekuwa padri."

"Hakuna dereva ambaye angelizuia?" Walburga aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Hakuna, mama. Aliyekuwa kwenye usukani siku ile hana kosa lolote."

Walburga akakaa juu ya tairi kuukuu, akajifunika uso kwa khanga. Noela alipiga magoti mbele yake, machozi yakimdondoka.

"Umesikia, mama? Miaka yote hii namsema baba wa watu kuwa ni mlevi."

Walburga alishusha khanga, akamshika binti yake mikono yote miwili.

"Alikuwa amelewa kweli, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nilimnyang'anya funguo."