Jicho la Mrija

Asubuhi hiyo kiganja cha baba kilikuwa kimelowa jasho. Ndicho kitu cha kwanza Kyomugisha alichokigundua. Hata hivyo, kila walipokaribia dimbwi, kiganja hichohicho kilimvuta pembeni.

Kijiji kizima cha Nyakasimbi kilijua kwamba binti huyo ndiye macho ya baba yake, Gaudiosus. Miaka mitano iliyopita mzee alipasuliwa macho yote mawili kwa presha ya macho. La kulia walilitoboa tundu dogo la kupitishia maji, la kushoto wakalipandikiza mrija mwembamba. Mwaka huohuo Kyomugisha aliacha shule, darasa la tano. Tangu hapo wawili hao walishikana mikono popote walipokwenda, kibanjani kwenye migomba, kanisani, hata kisimani.

Siku hiyo ya kupimwa hospitalini walifuatana na shangazi Auleria, dada yake Gaudiosus, aliyewapikia ndizi miaka yote hiyo.

Daktari alimziba mzee jicho moja, kisha jingine.

"La kulia limekufa, mzee wangu. Lile tundu lilijiziba. Lakini la kushoto, hongera! Presha iko sawa, na herufi umezisoma karibu zote."

"Kwa hiyo mrija ndio bora?" Gaudiosus aliuliza haraka.

"Kwako wewe. Wapo ambao tundu limewadumu kuliko mrija."

Benchi lililia. Shangazi Auleria alikuwa amesimama.

"Umesoma? Kumbe unaona!"

"Auleria, punguza sauti."

"Nipunguze nini? Miaka mitano unamkokota mtoto kama mbuzi wa mnada! Umemtoa shule akushike mkono, na wewe unaona hata chawa kwenye shuka! Umempumbaza! Jana tu kanivunjia kikombe cha tatu. Nani atamwoa? Jibu, mwongo wewe!"

Gaudiosus aliubana mkono wa binti yake mara moja, kama siku ile walipoahidiana.

"Ni uvivu wangu, dada. Nisamehe."

"Uvivu! Mbele ya daktari, huna hata haya!"

Kyomugisha alimkasirikia shangazi kwa matusi yake na baba kwa kuyapokea. Zaidi ya wote aliukasirikia mdomo wake mwenyewe. Alichomoa mkono, akasimama ghafla. Nyonga yake iligonga meza, bakuli la chuma likaanguka na kubingirika sakafuni.

"Si mnaona?" shangazi alifyonza. "Hata hapa!"

"Mwache baba!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Shule niliacha mwenyewe, ubao uliponipotea machoni kwa ugonjwa huuhuu wa baba. Nikamwapisha asimwambie mtu, mpaka tujue jicho lake lipi litadumu, la tundu au la mrija."

Akageukia upande ilikotoka sauti ya daktari.

"Hicho kidogo ninachoona bado, nakitaka. Na mimi niwekee mrija."